Msomee Kabla Hajasikia Mtaani

Wazazi vijana wa siku hizi tunajitahidi, lazima tujisifu kidogo. Mtoto hajatimiza miaka mitatu, tayari ana begi la chekechea na keki ya bethdei yenye sura yake. Vitabu je? Mara nyingi ni vile vya a, e, i, o, u, basi. Halafu siku moja mpo kwenye daladala, anapanda abiria mwenye ualbino, na mtoto anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva: “Mama, mbona yule yuko hivi?” Mama anamfinya. Baba anageukia dirishani. Mtoto ameshapata somo: hilo ni jambo la aibu, haliulizwi.

Jina la kumwita yule abiria atalipata kwingine, na si jina zuri. Katika nchi ambayo miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa kwa imani za kishirikina, hasa Kanda ya Ziwa, kumwita mtu “zeruzeru” si utani.

Hapo ndipo kitabu cha picha kinapookoa jahazi, maana kinamruhusu mtoto akodoe macho na kuuliza anavyotaka bila kumuumiza mtu.

Chukua Sulwe, cha mwigizaji Lupita Nyong’o, yule Mkenya aliyeshinda Oscar mwaka 2014. Kilitoka mwaka 2019, michoro ikiwa ya Vashti Harrison, na mwaka 2021 kikapatikana Kenya kwa Kiswahili na Kijaluo. Sulwe maana yake nyota. Ni binti mweusi kuliko mama, baba na dada yake, na hapendi. Anajaribu kujifuta kwa raba, anajipaka vipodozi vya mama, anamwomba Mungu aamke mweupe. Lupita hakuitoa hewani. Amewahi kusimulia hadharani kwamba naye utotoni alisali hivyohivyo.

Sasa niwachokoze. Unamsomea binti yako Sulwe saa mbili usiku, na asubuhi anakuona bafuni na kopo la mkorogo. Ataamini kipi? Na wale shangazi wanaokuja kuona mtoto mchanga, salamu hazijaisha wanamgeuza masikio kukagua “atakuwa mweupe huyu”? Kitabu cha kurasa chache hakiwezi kushindana na ukoo mzima kama baba na mama wamekaa kimya. Shangazi aambiwe, kwa heshima zote, lakini aambiwe.

Vinavyochekesha ndivyo vinavyoingia

Kusema kweli, vingi vya vitabu hivi vinachosha. Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ni mahubiri, mtoto kalala kwa kuchoka. Elmer cha Mwingereza David McKee, kilichotoka kwanza mwaka 1968, ni kitu kingine: tembo mwenye viraka vya rangi kibao amechoka kuwa peke yake, anajipaka kijivu afanane na wenzake, na kundi zima linapooza. Mtoto anacheka, na ujumbe unapita humohumo.

Ezra Jack Keats wa Marekani alikwenda mbali zaidi. Katika The Snowy Day cha mwaka 1962, Peter, mtoto mweusi mwenye koti jekundu, anatoka kucheza kwenye theluji. Basi! Rangi yake haizungumziwi popote. Mwaka 1965 mwandishi Nancy Larrick alionyesha kwamba katika vitabu 5,206 vya watoto vilivyochapishwa Marekani kwa miaka mitatu, ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja. Kwa hiyo mtoto mweusi kuchezea theluji tu, bila kuonewa huruma na mtu, lilikuwa jambo zito.

Mnasomaje? Msikimbize kurasa. Mwache aguse picha, aulize, na mjibu kwa maneno ya kawaida: “Ngozi yake haina rangi nyingi kama yako, ndiyo maana anavaa kofia, jua linamuunguza.” Imetosha. Na akina baba, hii kazi si ya mama peke yake. Sauti ya tembo inawafaa zaidi nyie.

Kama bajeti inabana, African Storybook imekuwa ikitoa hadithi za picha bure mtandaoni tangu mwaka 2014, za Kiswahili zikiwemo, na zinasomeka hata kwenye simu. Zimeni tu WhatsApp kwanza.