Jiwe Linalolia la Ilesi

Ukitoka Kisumu kwenda kaskazini, barabara inapanda, inavuka ikweta na kuingia katika nchi ya Waluhya, yenye mvua nyingi na mashamba ya mahindi yanayofika hadi mlangoni mwa nyumba. Kabla ya kufika mjini Kakamega, mahali paitwapo Ilesi, limesimama Jiwe Linalolia. Sisi tuliozoea mawe ya Mwanza hatushangazwi na jiwe kukaa juu ya jiwe, lakini hili lina sura ya mtu: nguzo ya mwamba yenye urefu wa kama mita 40, na juu yake kichwa kilichoinama kwa majonzi. Maji huchuruzika kwenye ufa wake na kuacha michirizi mwambani.

Wenyeji, Waisukha, huliita Ikhongo Murwi. Husimuliwa kwamba jiwe hilo lilikuwa binti aliyempenda kijana aliyekataliwa na baba wa binti huyo. Akatoroka, akalia hadi akageuka jiwe, na bado analia. Bila shaka mvua ya Kakamega ndiyo inayoyalisha machozi hayo, wala hilo haliipunguzii hadithi uzito. Nilichokipenda ni kwamba hadithi iko upande wa binti: baba aliyeshinda hakupewa hata kokoto ya kumkumbuka.

Kilio kingine cha hapa kimo katika kumbukumbu za serikali. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, wachimbaji wa Kizungu walimiminika, na Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikabadili sheria iliyoahidi kulinda ardhi ya Waafrika, ili ardhi hiyo ichukuliwe kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa nyingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952.

Kilio cha msiba nacho kina ngoma yake: wafu wa Waisukha na jirani zao Waidakho huagwa kwa Isukuti, yaani ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga, wanaume safu yao na wanawake yao, kiongozi akiimba mbele. Ngoma hiyohiyo huchezwa kwenye harusi na uzazi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa mafundi wake wengi wamezeeka na warithi ni wachache. Mgeni anayesimama Ilesi kupiga picha na aulize pia Isukuti inachezwa wapi wiki hiyo.