Nzi wa Miguu Mirefu Anayedhaniwa Kuwa Mbu

Nzi wa jamii ya Tipulidae hufuata taa usiku, na wengi huuawa ukutani kwa kudhaniwa kuwa mbu wakubwa. Hawaumi, hawanyonyi damu, wala hawaenezi malaria. Kuwapulizia dawa ni kupoteza dawa bure.

Ili kumtambua nzi huyu, tazama kwanza mdomo. Mbu ana mrija mrefu ulionyooka mbele ya kichwa. Nzi huyu ana mdomo mfupi usioweza kutoboa ngozi. Mabawa yake hayana magamba kama ya mbu. Alama ya uhakika zaidi iko mgongoni, juu ya kifua: mfuo wenye umbo la herufi V, unaoonekana vizuri kwa lenzi. Miguu yake hukatika kwa urahisi mno, hivyo ni kawaida kumkuta na minne au mitano badala ya sita. Jike ana ncha kali mkiani, ambayo wengi huiogopa kama mwiba, kumbe ni ya kutagia mayai udongoni. Mkia wa dume ni butu na umevimba, na anayetaka kujua spishi sharti apate dume, kwa kuwa viungo vyake vya uzazi ndivyo vinavyotofautisha spishi zinazofanana. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu spishi ni nyingi mno: Mmarekani Charles Paul Alexander (1889–1981) peke yake alieleza spishi zaidi ya 11,000 za nzi hawa na jamaa zao.

Makazi yao hutegemea buu, ambaye hukauka na kufa akikosa unyevu. Katika uwanda wa Ufipa, nchini Tanzania, mahali pa kumtafuta ni mabonde yenye majimaji, kingo za vijito na sakafu ya msitu wa Mbizi, karibu na Sumbawanga. Matuta ya ntumba, ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze, yana mboji na unyevu wa aina anayoipenda. Mabuu wa spishi nyingi hula majani yaliyooza na kuyarudisha kwenye udongo. Chache hutafuna mizizi ya nyasi na mazao. Buu ana rangi ya kijivu au kahawia na hana miguu. Nyuma ana matundu mawili meusi ya kupumulia, yamezungukwa na vinundu vidogo vya nyama. Akishakua huwa pupa, kisha nzi kamili, ambaye huishi siku chache tu, muda wa kupandana na kutaga.