Kwa Nini Waya Uliokunjwa Huwa Mgumu

Mtoto wa shule ya msingi atengenezaye gari la waya hutambua mapema kwamba mahali alipoukunja waya hapanyooki tena sawasawa, na kwamba akiukunja na kuukunjua mara nyingi hukatika. Akimwuliza mwalimu sababu, huenda akajibiwa kuwa waya "umechoka". Jibu hilo halielezi kitu. Tena humficha mtoto jambo la ajabu, kwamba kabla ya kukatika waya ulizidi kuwa mgumu. Katika makala haya twakusudia kueleza sababu yake, na jinsi ya kuifundisha kwa vifaa vya kawaida.

Safu za atomi

Metali ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo. Ndani ya kila fuwele atomi zimejipanga kwa safu, tabaka juu ya tabaka. Metali inapokunjwa bila kuvunjika, tabaka moja huteleza juu ya jingine. Wataalamu walipokadiria nguvu ya kulitelezesha tabaka zima kwa mara moja, walipata kiasi kinachozidi kwa mara elfu na zaidi nguvu ambayo kwa kweli hutosha kuipinda fuwele safi ya metali.

Fumbo hilo lilipata jibu mwaka 1934. G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba safu hizo si kamilifu. Mahali pengine tabaka la atomi huishia katikati ya fuwele, na ukingo wake hufanya mstari wa kasoro. Mstari huo husogea hatua kwa hatua, na kwa hiyo nguvu ndogo hutosha. Mwaka 1956 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliiona mistari hiyo ikisogea ndani ya alumini nyembamba sana, kwa kutumia hadubini ya elektroni.

Mfano wa blanketi

Tandika blanketi zito sakafuni. Mwanafunzi mmoja alivute lote kwa pamoja, aone uzito wake. Kisha afanye kunjo dogo ukingoni na kulisukuma hadi upande wa pili. Blanketi litakuwa limesogea kwa nguvu kidogo tu. Kunjo hilo ndilo mfano wa mstari wa kasoro.

Sasa wanafunzi wawili wasukume makunjo mawili yanayokingamana, yatazuiana njiani. Ndivyo ilivyo katika waya. Kila tunapoukunja, mistari mipya ya kasoro huzaliwa, hukutana na kunasana, na waya huwa mgumu. Tukiendelea, nafasi ya kuteleza hupungua, nyufa ndogo huanza, na hatimaye waya hukatika. Bati likichanganywa na shaba huimarisha kwa njia inayokaribiana na hiyo: atomi zake, zilizo kubwa kuliko za shaba, huvuruga safu na kuizuia mistari isipite kwa urahisi.

Jaribio la shaba

Tafuta waya mnene wa shaba laini, usiounganishwa na umeme, uliokwisha kuondolewa ganda lake. Wanafunzi waukunje, kisha wajaribu kuunyoosha. Wataona kwamba kona ya kwanza hukaidi, na waya hukunjika kando yake. Baadaye mwalimu mwenyewe aushike kwa koleo ndani ya makaa mpaka uwe mwekundu, kisha aupoze majini. Waya utalainika tena, kwa kuwa joto huwezesha fuwele mpya zenye kasoro chache kukua mahali pa zile zilizojaa mistari iliyonasana. Ndiyo sababu mfua shaba hurudisha kazi yake motoni kila inapokuwa ngumu. Mwalimu akumbuke, hata hivyo, kwamba chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha hakifuati kanuni hii: kikipozwa ghafla namna hiyo, huwa kigumu zaidi.

Mwishoni, mwalimu asitoe muhtasari kwanza. Aulize: "Je, kasoro huidhoofisha metali au huiimarisha?" Baadhi watachagua upande mmoja. Awarudishe kwenye blanketi mpaka waeleze kwa maneno yao wenyewe kwamba kunjo moja lililo huru hurahisisha mwendo, na makunjo mengi yaliyonasana huuzuia. Mwanafunzi awezaye kusema hivyo ameelewa somo, hata kama amesahau majina na miaka.