Chini ya mbau hakuna madini

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa upande wa barabara ya Ubundu: "Papa, pale penye mbau tupu, chini kuna madini gani?" Najibu mbele ya wote ili swali hili lipumzike: hakuna. Limbali, mti ambao Ituri wanauita mbau na wanabotania Gilbertiodendron dewevrei, hauonyeshi almasi wala dhahabu. Anayechimba shimo kwa kuufuata anamwaga jasho lake bure.

Naelewa wazo hilo linatoka wapi, kwani kuna nchi ambako udongo kweli unachagua mimea. Mfano ulio wazi kuliko yote ni serpentini. Peridoti, mwamba mzito unaotoka chini ya ganda la dunia, ukipenywa na maji ya moto hugeuka kuwa serpentini. Nayo ikioza huacha udongo uliojaa magnesiamu, nikeli na kromi, huku kalsiamu, potasiamu na fosforasi zikiwa haba. Mizizi inatafuta kalsiamu, inakuta magnesiamu. Miti mingi inadumaa au haioti kabisa, na inayobaki ni ile iliyozoea sumu hiyo. Katika Kaledonia Mpya kuna mti, Pycnandra acuminata, wenye utomvu wa rangi ya buluu na kijani. Utomvu huo ukikauka, karibu robo yake ni nikeli. Hapa kwetu Kongo, vilima vya shaba vya Katanga havina msitu. Vina nyasi na mimea midogo kama Haumaniastrum katangense, ambayo watafutaji wa madini waliifuata kweli, na kweli wakapata shaba.

Lakini mkoa wetu wa Tshopo si Katanga. Udongo wa Kisangani na Yangambi ni mchanga na mfinyanzi wa zamani sana, wa rangi ya manjano au nyekundu, uliooshwa na mvua kwa muda mrefu hata virutubisho vingi vikaondoka. Umebaki na tindikali, kaolini, na oksidi za chuma na alumini. Ni maskini chini ya mbau, na ni maskini vilevile chini ya msitu mchanganyiko ulio hatua chache pembeni.

Jambo hilo limepimwa. Terese Hart na wenzake walilinganisha misitu hiyo miwili huko Ituri na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Wengine walifanya hivyo Dja, Kamerun, wakachapisha mwaka 2011. Pande zote mbili, tofauti za udongo hazikutosha kueleza kwa nini mti mmoja umetawala. Hata bila maabara, tazama tu: mbau inasimama kwenye bonde lenye maji kando ya kijito, na inasimama juu ya tambarare kavu. Ni madini gani hayo yanayopatikana kote kote?

Siri iko kwenye mti wenyewe. Mbegu yake ni kubwa na nzito. Ganda likipasuka huirusha mita chache tu, kwa hiyo watoto wanaota karibu na mama. Mche unavumilia giza kwa miaka mingi ukingoja nafasi. Majani yaliyoanguka yanaoza polepole na kuwa tandiko nene, na mbegu ndogo za miti mingine zinashindwa kulipenya. Kwenye mizizi kuna kuvu wanaosaidia kutafuta chakula. Msitu usiposumbuliwa karne kwa karne, mbau inashinda. Kama udongo wa juu pale una tofauti ndogo, huenda ni mti ulioibadilisha ardhi, wala si ardhi iliyouita mti.

Basi, kwa ufupi. Unatafuta almasi? Soma changarawe za mito, achana na majani. Unataka shamba? Usiguse mbau, rudi kwenye kichaka cha zamani kilichopumzika. Majivu ya msitu uliochomwa yanalisha mihogo msimu mmoja au miwili, kisha mvua inayaosha. Unataka kujua udongo wako? Chukua sampuli mahali kadhaa, juu na chini, upeleke kwa wataalamu wa kilimo. Unakata mbao? Bakiza miti mikubwa inayozaa, na uiache karibu karibu, maana mbegu ya mbau haiwezi kusafiri kutoka mbali kuja kuziba pengo.