Tanga: Burudani za Jiji Linalozungukika kwa Baiskeli

Jiji la Tanga, lililoko kaskazini mwa pwani ya Tanzania na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2005, lina bandari, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na klabu za mpira zenye historia ndefu, lakini wakazi wake hawakufika laki nne katika sensa ya mwaka 2022. Ukubwa huo wa wastani ndio unaozipa burudani za Tanga sura yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo yanayowafurahisha wenyeji hufikiwa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa safari fupi ya daladala, na mengi kati yake hayadai kiingilio kikubwa, bali hudai muda, mazungumzo na mahali pa wazi pa kukutania.

Baiskeli ndicho chombo cha kwanza cha matembezi hayo. Ardhi ya mji ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani, yaani makazi ya zamani ya katikati ya mji, ilipimwa kwa mistari iliyonyooka na kupewa namba badala ya majina, hivyo mgeni anayeelekezwa "Barabara ya Kumi na Mbili" hupata kwa kuhesabu tu. Wanawake kwa wanaume huendesha baiskeli kwenda sokoni, kazini na ufukweni, na mazoea hayo yamekuwa alama ya Tanga kiasi kwamba wageni kutoka miji mingine huyataja kabla ya kutaja bandari.

Jioni inapoingia, burudani huhamia barazani. Baraza ni kiti kirefu cha kujengea kilicho mbele ya nyumba ya Kiswahili, ambacho kwa upande mmoja ni mali ya mwenye nyumba na kwa upande mwingine ni mali ya mtaa, maana mpita njia aliyetoa salamu hukaribishwa kukaa bila kuulizwa shughuli yake. Hapo hupita muuza kahawa akiwa na mdila, yaani birika la shaba linalokaa juu ya jiko dogo la makaa, huku akigonganisha vikombe vyake vidogo visivyo na mkono ili watu wajue amefika. Kahawa yake ni chungu, haitiwi sukari, na kwa hiyo huambatana na kashata, ambavyo ni vipande vya karanga au nazi vilivyogandishwa kwa sukari.

Penye baraza na kahawa hapakosi bao. Bao la Kiswahili huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye mashimo 32 yaliyopangwa kwa safu nne za mashimo manane, na kete zake 64 aghalabu ni komwe, mbegu ngumu za mmea wa mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kisha hupitia hatua mbili: kunamua, ambapo kila zamu huingiza kete moja kutoka mkononi, na mtaji, ambapo kete za mkononi zimekwisha na mchezaji hana budi kutegemea zile zilizomo ubaoni. Shimo moja la safu ya mbele huitwa nyumba na huwa na kanuni zake, na anayebaki bila kete katika safu hiyo ya mbele hushindwa. Kwa kuwa mtaa mzima hutazama, na kila mtazamaji ana hesabu yake, bao hulifunza kundi zima kufikiri hatua kadhaa mbele bila mtu kukaa darasani.

Bahari nayo ina ratiba yake, inayofuata mwezi badala ya saa ya ukutani. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, ilhali katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, yasiyotofautiana sana kati ya kujaa na kupwa. Wenyeji wanaokwenda kuogelea Raskazone, rasi iliyo kaskazini mashariki mwa mji, huijua ratiba hiyo kwa moyo, kwani ufuko unaofaa kuogelewa asubuhi huweza kuwa uwanja wa tope na kaa alasiri. Mbele ya bandari kiko Kisiwa cha Toten, ambacho jina lake ni la Kijerumani lenye maana ya wafu. Kisiwa hicho kiliwahi kukaliwa, na leo kimebaki na magofu ya misikiti na makaburi.

Nje kidogo ya mji, kama kilomita nane kwa njia ya Mombasa, yapo Mapango ya Amboni. Mapango hayo yamo katika mawe ya chokaa, na yalichimbwa na maji yenyewe: mvua hunyonya hewa ukaa kutoka angani na udongoni, ikawa tindikali dhaifu, ambayo kwa muda mrefu mno huyeyusha mwamba na kuacha vyumba na vichochoro. Tone linaloning'inia darini huacha chembe za chokaa zinazorefuka kuelekea chini, nazo huitwa stalaktiti, na matone yanayodondoka sakafuni hujenga stalagmiti zinazopanda juu. Waongozaji huwaonyesha wageni maumbo ya wanyama na hata ya Sanamu ya Uhuru ya Marekani katika mawe hayo, na husimulia kwamba njia za pangoni hufika hadi Kilimanjaro. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulionyesha kwamba njia hizo ni fupi mno kuliko simulizi, lakini simulizi yenyewe ni sehemu ya matembezi, sawa na sadaka ambazo baadhi ya watu huziweka katika mzimu uliomo humo ndani. Si mbali na hapo zipo chemchemi za Galanos, zenye maji ya vuguvugu na harufu ya kiberiti, ambamo wengi huoga wakiamini kwamba hufaa ngozi.

Kusini mwa mji, kwenye njia ya Pangani, yako magofu ya Tongoni, ambayo jina lake latokana na neno tongo, yaani mahame. Pana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe, na ni katika mafungu ya mchanga ya pwani hiyo ambapo Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael mwaka 1499, baada ya kupungukiwa na mabaharia wa kuiendesha.

Na siku ya mpira, watu wote huelekea uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union, inayojulikana kwa jina la Wagosi wa Kaya, ilianzishwa mwaka 1948 na kuchukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na utani kati ya mashabiki wake na wale wa African Sports, klabu nyingine ya Tanga, hauishii uwanjani, bali huendelea kwenye kahawa hadi usiku.

Burudani hizi zote zinafanana kwa jambo moja: zinategemea mahali ambapo hapajafungwa. Nyumba inayojengewa ukuta mrefu na geti huondoa baraza, na baraza likiondoka huondoka pia bao, muuza kahawa na salamu ya mpita njia. Ufuko ukizungushiwa uzio, ujuzi wa bamvua haurithiwi tena na watoto. Na pango likichorwa majina kwa mkaa, kazi ya maji ya miaka isiyohesabika huharibiwa kwa dakika moja. Kwa hiyo anayejenga Tanga leo na aache angalau nafasi ya baraza moja mbele ya nyumba yake, wanaopanga mji nao wailinde njia ya kwenda baharini, na mzazi ampeleke mtoto wake Amboni na Tongoni kabla hajampeleka mbali.