Utitiri wa Mabilingani na Dawa ya Mafuta

Kwa wengi wetu, bilingani na nyanya ndizo zilishazo nyumba mpaka karafuu zichumwe. Basi siku za ukame ukiona majani yana vidoadoa vya manjano, usilaumu jua. Geuza jani: chembe kama vumbi zitembeazo, na utando mwembamba, ndio utitiri. Huo una miguu minane, ni jamaa ya buibui, na dawa nyingi za wadudu huua maadui zake tu, nao ukazidi.

Mafuta huuziba pumzi, na mayai yake pia. Katika lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta mepesi ya kupikia na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Tikisa sana, usiache kutikisa, kwani mafuta hupanda juu. Nyunyiza chini ya majani mpaka yalowe. Utitiri usioguswa haufi. Tumeona wenzetu wakizidisha mafuta ili upesi wamalize kazi, wakamaliza mabilingani.

Nyunyiza jioni, miche ikiwa imenyweshwa, kwa maana juani mafuta huunguza. Rudia baada ya siku 5, kwani mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Aliyetia salfa angoje mwezi mzima.