Bingwa Aliyerudi kwa Mlango Mwingine

Ndugu msomaji, ukiishika njia itokayo Ngara mjini kuelekea kusini, ukavipita vilima na migomba yake, hatimaye utaifikia Murusagamba, kata iliyo mpakani na Burundi. Ng'ambo ya pili ni nchi ya Cankuzo, na mbele yake ni Ruyigi. Wenyeji wa pande hizo mbili hawahitaji mkalimani wakutanapo sokoni, kwa kuwa Kihangaza na Kishubi cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Mpaka wauona katika ramani tu. Vilima vyenyewe haviujui.

Huko Ruyigi, mahali paitwapo Nkanda Bweru, tarehe 5 Mei 1993 alizaliwa mtoto wa kike aliyepewa jina la Francine Niyonsaba. Hakuwa ametimiza hata nusu mwaka Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Oktoba 1993, vita vikawaka, na wilaya yetu ya Ngara ikaanza kupokea wakimbizi waliokuja na magodoro vichwani na watoto migongoni. Wazee wa Murusagamba hawahitaji kukumbushwa siku hizo. Francine ni wa kizazi kilichofungua macho katika hali hiyo, na ndiye leo tunayetaka kukusimulia habari zake.

Twajua mabingwa ni wengi, na pengine umechoka kusoma sifa zao. Lakini huyu ana jambo linaloihusu kila nyumba yenye mtu aliyewahi kusimama kazi kisha akarejea: mama aliyetoka uzazini, kijana aliyelazwa hospitali, fundi ambaye kiwanda chake kilifungwa akaambiwa asubiri. Arudipo, mtu wa namna hiyo huwazia kuwa atakikuta kiti chake palepale alipokiacha. Francine Niyonsaba aliondoka uwanjani zaidi ya mara moja na akarudi zaidi ya mara moja, na kila kurudi kulikuwa na sura yake.

Aling'ara mapema. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa ubingwa wa Afrika wa mita 800 mjini Porto-Novo, nchini Benin, wakati ambapo mbio za masafa hayo alizokwisha kushiriki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka huohuo aliingia fainali ya Olimpiki mjini London. Muda si mrefu baada ya hapo akaumia, na kwa kipindi kirefu jina lake likatoweka katika mashindano makubwa. Wapo waliodhani kuwa alikuwa cheche tu, ya kuwaka na kuzimika.

Kurudi kwake kwa kwanza kulikuwa kule tunakokufahamu sote: mwili umeharibika, mwili umetengenezwa, mtu karudi kazini kwake. Alifanya mazoezi Eugene, katika jimbo la Oregon, Marekani, chini ya kocha Mark Rowland. Mwezi Machi 2016, mjini Portland, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 katika uwanja wa ndani. Agosti ya mwaka huohuo, Rio de Janeiro, alikimbia dakika 1 sekunde 56.49 na kupata medali ya fedha. Hiyo ilikuwa medali ya pili ya Olimpiki katika historia yote ya Burundi. Ya kwanza ilikuwa dhahabu ya Vénuste Niyongabo mjini Atlanta mwaka 1996.

Turuhusu tupumzike kidogo kwa Niyongabo, kwa sababu habari yake itatufaa mbele. Yeye alikuwa mkimbiaji wa mita 1,500, na ndimo alimotazamiwa kushinda. Akampisha nafasi yake mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyeikosa michezo iliyotangulia kwa kuwa Burundi haikuwa bado imekubaliwa kushiriki, naye akahamia mita 5,000, masafa ambayo alikuwa mgeni kabisa. Akashinda. Kwa hiyo Mrundi kuhama masafa na kufanikiwa halikuwa jambo lisilopata kuonekana. Tofauti ni kwamba Niyongabo alihama kwa hiari yake.

Tumrudie Francine. Mwaka 2017 alipata tena fedha katika mashindano ya dunia mjini London, na mjini Monaco mwaka huo alikimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 55.47, yaani kila mzunguko kwa sekunde zipatazo 58. Mwaka 2018, mjini Birmingham, akautetea ubingwa wake wa uwanja wa ndani. Hapo alikuwa na miaka 24, na kwa mkimbiaji wa masafa hayo miaka bora ilikuwa bado mbele.

Ndipo kanuni ilipokuja. Shirikisho la riadha la dunia liliamua kuwa wanawake wenye maumbile fulani ya kuzaliwa nayo, ambayo huufanya mwili utoe homoni ya testosteroni kwa wingi kuliko ilivyo kawaida kwa wanawake, wasishindane na wanawake wenzao kuanzia mita 400 hadi maili moja, isipokuwa waishushe homoni hiyo chini ya nanomoli 5 kwa lita na kuibakiza huko kwa miezi sita mfululizo. Kuishusha maana yake ni kutumia dawa au kupasuliwa, hali mtu si mgonjwa. Caster Semenya wa Afrika Kusini alipinga mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na tarehe 1 Mei 2019 akashindwa. Tarehe 3 Mei Semenya na Niyonsaba walikimbia Doha, wakawa wa kwanza na wa pili. Tarehe 8 Mei kanuni ikaanza kazi.

Francine mwenyewe alisema hadharani mwaka huo kwamba kanuni hiyo inamgusa. Hatutaki kulipamba jambo hili wala kulifanya la mnong'ono, maana katika nyumba zetu mambo ya mwili wa mtoto wa kike huzungumzwa ama kwa kejeli ama hayazungumzwi kabisa, na yote mawili humwumiza. Yatosha kusema hivi: alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa msichana, na hakutumia dawa yoyote ya kujiongezea nguvu. Wanaoitetea kanuni husema kuwa kundi la wanawake liliwekwa ili mwanamke apate nafasi ya haki ya kushinda, na kwamba homoni hiyo humpa aliye nayo faida kubwa mno. Wanaoipinga huuliza ni bingwa gani ambaye hakuzaliwa na kitu kisicho cha kawaida, awe mrefu kupita kiasi au mwenye mapafu makubwa. Hoja ya kwanza si ya kipuuzi, na mwandishi hadai kuimaliza hapa. Lakini kumwambia binti mwenye afya njema ameze dawa ili aonekane anastahili, hilo kwa upande wetu ni gumu kulimeza.

Hebu sasa ulinganishe, msomaji, kutokuwepo huku kwa pili na kule kwa kwanza. Mtu aliyevunjika mguu ana daktari, ana bandeji, ana tarehe ambayo ataambiwa akanyage chini. Jamaa humletea uji na kumpa pole. Aliyefungiwa mlango kwa uamuzi hana tarehe. Mguu wake mzima, pumzi anayo, na kila asubuhi anaamka akiwa na nguvu za kufanya kazi ambayo haruhusiwi kuifanya. Yeyote aliyewahi kupunguzwa kazini ataijua asubuhi hiyo.

Wote watatu waliopanda jukwaani Rio, yaani Semenya, Niyonsaba na Margaret Wambui wa Kenya, waliguswa na kanuni hiyo. Njia iliyobaki wazi bila dawa ilikuwa masafa ambayo kanuni haikuyagusa, mafupi kuliko mita 400 au marefu kuliko maili. Francine akachagua marefu.

Kwa mtazamaji wa kawaida mbio ni mbio, lakini kati ya mita 800 na mita 10,000 pana umbali kama ulio kati ya seremala na mwashi. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Mkimbiaji huenda kwa kasi inayokaribia ya mwisho wake, na sehemu ya nguvu mwili huikopa, pumzi ikiwa haijapata nafasi ya kulipa. Ndiyo sababu katika mita mia za mwisho miguu hugeuka miti. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Humo hapana mkopo wa namna hiyo. Moyo na mapafu lazima vilipe karibu kila hatua papo hapo, kwa nusu saa nzima, na ukikosea hesabu mapema utaadhibiwa baadaye mbele ya watu. Mazoezi nayo hubadilika: kilomita za wiki huongezeka, misuli iliyofunzwa kulipuka hufundishwa kuvumilia. Kuhama si jambo jepesi hata kwa bingwa. Semenya alijaribu mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Eugene mwaka 2022, naye hakuvuka mchujo.

Kwa hiyo bingwa mara mbili wa dunia akaenda kujifunza upya. Mwaka 2020 michezo ilisimama kwa ajili ya korona. Mwaka 2021 alifika Tokyo akiwa mgeni miongoni mwa wanawake waliozeekea katika masafa hayo. Tarehe 30 Julai alikimbia mchujo wa mita 5,000, akaondolewa katika matokeo kwa kosa la kukanyaga ndani ya mstari. Kosa dogo, adhabu kubwa. Siku nane baadaye akasimama tena mstarini, safari hii mita 10,000, akamaliza wa tano kwa dakika 30 sekunde 41.93. Hakupata medali. Katika gazeti la asubuhi iliyofuata mshindi wa tano hupewa mstari mmoja, akibahatika.

Yaliyofuata ndiyo yanayomfanya mtu aweke kikombe chini. Tarehe 21 Agosti, Eugene, alishinda maili mbili kwa dakika 9 sekunde 0.75. Tarehe 28, Paris, alishinda mita 3,000 kwa dakika 8 sekunde 19.08. Tarehe 3 Septemba, Brussels, alishinda mita 5,000 kwa dakika 14 sekunde 25.34. Tarehe 8, Zürich, alishinda tena mita 5,000 na taji la Ligi ya Almasi, akimwacha nyuma Hellen Obiri wa Kenya, aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia mara mbili wa masafa hayo. Tarehe 14, Zagreb, alikimbia mita 2,000, mizunguko mitano, kila mmoja kwa sekunde 64 na kidogo. Saa iliposimama ilionyesha dakika 5 sekunde 21.56. Rekodi ya dunia, iliyokuwa ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia, ilipungua kwa zaidi ya sekunde mbili.

Mbio tano, ushindi mara tano, katika siku 25. Na zote katika masafa ambayo alisukumwa kuyaendea.

Tungependa kukuacha hapo, msomaji, ufunge gazeti kwa furaha, lakini habari haikukoma Zagreb. Mwezi Mei 2022, Doha, alimshinda Faith Kipyegon katika mita 3,000 kwa tofauti ya sekunde 0.35, baada ya hapo mfupa wa mguu ukapata ufa, naye akayakosa mashindano ya dunia ya Eugene, katika mji uleule aliokuwa akifanyia mazoezi zamani. Hilo angelisubiri kama alivyosubiri majeraha ya mwanzo. Lakini tarehe 23 Machi 2023 baraza la shirikisho la riadha likaipanua kanuni: sasa ingehusu masafa yote, mafupi na marefu, kiwango kikashushwa hadi nanomoli 2.5, na muda wa kukaa chini ya kiwango ukawa miezi 24. Waliokuwa wamehamia masafa yaliyokuwa huru waliwekewa kipindi cha mpito cha miezi sita. Kanuni ikaanza tarehe 31 Machi. Mlango alioupata kwa kuhama ukatiwa komeo nao. Kisha, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kila anayetaka kushindana na wanawake katika mashindano yanayohesabiwa katika orodha ya ubora ya dunia akatakiwa kupimwa chembe za urithi mara moja maishani.

Rekodi ya Zagreb ilikaa karibu miaka mitatu. Tarehe 12 Julai 2024, mjini Monaco, Jessica Hull wa Australia alikimbia mita 2,000 kwa dakika 5 sekunde 19.70 na kuichukua. Ni mji uleule ambamo, miaka saba kabla, binti wa Nkanda Bweru alizunguka uwanja mara mbili kwa dakika 1 sekunde 55.47, akiwa hajajua kuwa angekuja kuhitaji kuuzunguka mara ishirini na tano.